Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya damu: kadi inasema chanya, mwili wa binti yangu unakataa

KWA: Wakuu wa huduma za damu salama, wakurugenzi wa hospitali, na wote mnaoandika miongozo ya kuongezea wagonjwa damu

YAH: UPIMAJI WA KUNDI LA Rh KWA WAGONJWA WANAOONGEZEWA DAMU MARA KWA MARA

Waheshimiwa,

Poleni na kazi. Nawaandikia hadharani kwa sababu nimeshawaandikia faraghani mara tatu. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili nilijibiwa kwa simu na mtu mpole aliyeniambia suala langu "linafanyiwa kazi", na mpaka leo sijui anayelifanyia hiyo kazi ni nani. Ya tatu ilijibiwa kwa maandishi, mistari miwili: kadi ya mgonjwa inaonyesha Rh chanya, na damu aliyopewa ilikuwa sahihi kwa mujibu wa mwongozo.

Mistari hiyo nimeisoma mara nyingi, na nimeikubali. Damu ilikuwa sahihi kwa mujibu wa mwongozo. Kwa hiyo leo simshitaki muuguzi wala mtaalamu wa maabara. Naulalamikia mwongozo, na mwongozo ni wenu.

Binti yangu ana selimundu. Kadi yake imeandikwa O, Rh chanya. Mimi ni mtu wa daftari: tangu alipoongezewa damu mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu, kila chupa nimeiandika, tarehe, namba iliyobandikwa kwenye mfuko, wingi wa damu kabla na baada. Wauguzi walikuwa wakinitania kwamba nimetumwa kukagua bohari.

Chupa ya saba na ya nane alipewa kwa pamoja, akiwa na miaka tisa. Wingi wa damu ulikuwa 6.1, ukapanda hadi 8.8, tukaruhusiwa. Siku ya nane akaanza kulia mgongo na miguu. Siku ya tisa akaniita chooni nikaone mkojo wake. Ulikuwa umekolea kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Macho ya njano tumeyazoea, lakini siku hiyo njano ilikuwa nyingine. Tulipofika hospitali wingi wa damu ulikuwa 4.7, yaani chini ya pale tulipokuwa kabla ya kumwongezea hata tone moja.

Daktari wa zamu akasema ni maumivu ya selimundu. Kwa nje ndivyo inavyoonekana, na wazazi wengi wa kliniki yetu wameambiwa hivyo hivyo. Akaagiza chupa nyingine. Iliingia yote, na kesho yake damu ilikuwa imeshuka tena.

Aliyegundua ni kijana wa maabara, zamu ya usiku. Alikuta kingamwili, yaani silaha za kinga ya mwili, dhidi ya D, ile alama ya seli nyekundu ambayo neno "chanya" linaisemea, kwenye damu ya mtoto ambaye kadi inasema D anayo. Akadhani amechanganya sampuli. Akapanda wodini mwenyewe, akachukua damu nyingine, akaandika jina kwenye kichupa mbele yangu huku akilisoma kwa sauti. Jibu likawa lile lile. Alirudia mara ya tatu kwa amri ya mkuu wake, ambaye naye hakuamini. Mwishowe sampuli ikapelekwa maabara ya rufaa yenye kipimo cha vinasaba, na baada ya wiki kadhaa tukaambiwa: D ya binti yangu ni pungufu. Anayo, ila haijakamilika.

Naomba mnivumilie kidogo nieleze jambo hili kama nilivyoelezwa, maana barua hii itasomwa pia na wazazi wasio na maabara.

Rh si kitu kimoja. Ni mfumo wenye antijeni, yaani alama za juu ya seli nyekundu, zaidi ya 50, na hiyo chanya au hasi ya kwenye kadi inazungumzia moja tu, D. Nyingine zinazosumbua wagonjwa ni C, c, E na e. Zote tano zinatokana na jeni mbili zilizo jirani kwenye kromosomu ya 1, RHD na RHCE. Ni kama mapacha. Kila moja inatengeneza protini yenye amino asidi 417, na protini hizo zinatofautiana katika sehemu 32 hadi 35 tu. Kwa kuwa zimekaa jirani na zinafanana mno, huazimana vipande: kipande cha RHCE kinahamia ndani ya RHD, au kinyume chake, na mtoto anarithi jeni yenye viraka. Wakati mwingine hata kiraka hakuna, ni herufi moja tu imebadilika.

Sasa, kitendanishi cha maabara kinashika sehemu ya D iliyobaki, seli zinagandana, mtaalamu anaandika chanya. Hajakosea. Lakini kinga ya mwili ya mtu huyo haijawahi kuiona ile sehemu iliyokosekana. Siku akipewa damu yenye D kamili, anakutana na mgeni, na kinga inafanya kazi yake. Mfumo huu wenyewe tuliujua kwa njia ya namna hiyo. Mwaka 1939 Philip Levine na Rufus Stetson waliandika habari za mama aliyejifungua mtoto mfu, akaongezewa damu ya mumewe ya kundi lile lile la ABO, na mwili wake ukaikataa. Vipimo vilivyokuwepo vilisema damu inafaa. Mwili ulijua zaidi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Neno "chanya" linabebeshwa mzigo lisiouweza. Kwa mtu atakayeongezewa damu mara moja maishani baada ya ajali, sawa, kadi inatosha. Kwa mtoto atakayepokea damu ya watu kumi, thelathini, mia moja, haitoshi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 182 wa selimundu ambao walikuwa wakipewa damu ya wachangiaji Wamarekani weusi, iliyolinganishwa D, C, E na K (antijeni ya mfumo mwingine uitwao Kell). Hayo ni matunzo ambayo sisi tunayasikia tu. Hata hivyo, kati ya walioongezewa damu kwa ratiba ya kudumu, asilimia 58 walitengeneza kingamwili. Kingamwili zote zilikuwa 146. Kati ya hizo, 91 zilikuwa za mfumo wa Rh na hazikuwa na maelezo, na katika hizo 91, 56 zilitokea kwa watu ambao kwa vipimo vya kawaida antijeni husika walikuwa nayo. Vinasaba vilipochunguzwa, asilimia 87 ya wagonjwa walikuwa na angalau jeni moja ya Rh iliyo tofauti na ile ya kawaida.

Asilimia 87, waheshimiwa. Katika wagonjwa hao, "kawaida" ndiyo iliyokuwa adimu. Halafu binti yangu anapotokea na D pungufu, anaitwa kisa cha ajabu na sampuli yake inapimwa mara tatu.

2. Kingamwili hupotea kwenye kipimo, na kumbukumbu zenu hupotea pamoja nazo. Hili ndilo lililonifanya niandike. Miaka miwili baada ya tukio la kwanza, binti yangu akiwa mbali na nyumbani, aliugua akapelekwa hospitali nyingine. Walipima kingamwili, na nawapongeza, maana wengi hata hilo hawalifanyi. Majibu: hakuna. Ni kweli, hazikuwepo za kuonekana. Kingamwili nyingi za namna hii hushuka baada ya miezi hadi kipimo kisizione, lakini mwili haujasahau. Ukionja tena damu ile, unazitengeneza upya kwa siku chache, na kwa nguvu kuliko mara ya kwanza.

Hospitali ya kwanza ilikuwa na taarifa. Ya pili haikuwa na njia ya kuziona. Nilifika na daftari langu mkononi nikakuta chupa ya kwanza imeshaisha na mfuko mtupu umelazwa kwenye trei. O, Rh chanya. Nilimwonyesha daktari ukurasa, akausoma akiwa amesimama, akakaa, akausoma tena. Siku ya sita mkojo ukawa vile. Alilazwa siku 19. Figo zake zilipona, na kwa hilo namshukuru Mungu na wale madaktari, kwa mpangilio huo huo.

Haiwezekani usalama wa mgonjwa ubebwe na daftari la baba yake. Siku baba akichelewa basi, je?

3. C, c, E, e na K hazipimwi mapema, au hazipimwi kabisa. Chama cha wataalamu wa magonjwa ya damu cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2020: wagonjwa wa selimundu walinganishiwe C, E na K pamoja na ABO na D, na wasifu mpana wa antijeni zao upimwe mapema iwezekanavyo, ikiwezekana kabla ya chupa ya kwanza. Sababu ya kutaka iwe kabla ni rahisi. Seli nyekundu huishi hadi siku 120 hivi. Mtoto akishaongezewa, ukichukua damu yake unapima mchanganyiko, yake na ya wageni. Kipimo cha vinasaba kinaikwepa shida hiyo, cha kawaida hakiikwepi. Binti yangu alipimwa C na e kwa mara ya kwanza akiwa tayari amebeba seli za watu wengine, na majibu yalikuja yameandikwa "hayaeleweki".

4. Wasichana. Tangu mwaka 1968 kuna sindano ya kumkinga mama asiye na D asitengeneze kingamwili zitakazomdhuru mtoto aliye tumboni. Msichana mwenye D pungufu anayeitwa chanya hapewi sindano hiyo, kwa kuwa kadi inasema haihitaji. Kwa binti yangu sindano hiyo haina maana tena, kingamwili anazo. Siku akibeba mimba itabidi afuatiliwe tangu mwanzo. Ana miaka 12, na mazungumzo hayo nimeshaanza kuyaandaa kichwani.

5. Wachangiaji. Wagonjwa wa selimundu wengi duniani wana asili ya Afrika, na mpangilio wa Rh unaoitwa Ro, yaani D ipo, C na E hazipo, ni wa kawaida kwa watu wa asili hiyo na ni adimu kwa wenye asili ya Ulaya. Katika nchi ambazo wachangiaji wengi si wa asili ya mgonjwa, kupata damu inayolingana ni kutafuta sindano gizani. Hamasa zenu zinasema "changia damu, okoa maisha" kwa kila mtu kwa sauti moja. Ni sahihi, lakini kuna watu mngewaendea na ujumbe wao mahususi: damu yako wewe, ya mpangilio huu, kuna mtoto hawezi kupewa nyingine.

Najua mtakachosema, kwa sababu mengine nimeshaambiwa dirishani.

Mtasema kipimo cha vinasaba ni ghali. Ni ghali mara moja. Vinasaba havibadiliki (isipokuwa damu ya aliyepandikizwa uboho wa mtu mwingine), kwa hiyo jibu la leo litatumika miaka hamsini ijayo. Wekeni pembeni yake gharama ya siku 19 za kitanda na kila kipimo alichofanyiwa katika siku hizo, kisha tuzungumze. Wala siwaombi mpime kila anayeingia getini. Nasema selimundu, thalasemia (ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi), na wengine ambao mnajua tangu siku ya kwanza kwamba damu za watu zitakuwa sehemu ya maisha yao.

Mtasema dharura haina nafasi ya vipimo virefu. Nakubali kabisa. Mtoto akiwa anakata roho, mpeni iliyopo. Lakini wetu hawatokei ghafla. Wana mafaili kliniki, mengine mazito kuliko wao wenyewe. Muda wa kuwapima mnao, ni miaka.

Mtasema damu hasi ni chache, na kama kila mwenye D pungufu atapewa hasi, bohari litakauka. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote na sitaki kuipita juu juu. Katika watu wenye asili ya Afrika wasio na D ni wachache, na si kila mwenye D pungufu atatengeneza kingamwili. Sina jibu la kumaliza shida hiyo, na nimewasikia wataalamu nao wakibishana. Ila kipimo hiki hiki hurudisha damu hasi bohari pia. Kuna watu, wengi wao wenye asili ya Ulaya, wenye D dhaifu aina ya 1, 2 au 3. Hao wana D kidogo lakini haijakosa kipande, na wanaweza kupewa damu chanya bila hofu, wakati kwa desturi ya tahadhari wamekuwa wakipewa hasi. Anayejua aina anagawa vizuri hicho kidogo alicho nacho. Asiyejua anakisia, na makisio yake yanaangukia kwa wagonjwa.

Na wengine mtasema: sawa, tutanunua mashine. Hapo ndipo naogopa zaidi. Mwaka 2000 watafiti walichapisha matokeo ya Waafrika weusi 82 wasio na D. Ilikuwa ikiaminiwa kwamba asiye na D hana jeni ya RHD kabisa, imefutika. Kwa watu hao ni asilimia 18 tu waliokuwa hivyo. Asilimia 66 walikuwa na jeni ya RHD iliyopo lakini bubu: ndani yake yamejirudia maandishi ya herufi 37, na haitoi protini. Wengine asilimia 15 walikuwa na jeni mseto, nusu RHD nusu RHCE. Mashine inayouliza tu "RHD ipo au haipo?" itawaita watu hawa chanya ilhali ni hasi. Watafiti wenyewe waliandika kwamba vipimo vya wakati ule havikufaa kwa Waafrika, wakatengeneza kingine. Basi kabla ya kusaini ununuzi, muulizeni muuzaji swali moja la kijinga: kipimo chako kinaitambua jeni bubu ya herufi 37, kinazitambua DIIIa na DAR, ambazo ni aina za D pungufu? Akianza kukuonyesha kipeperushi chenye picha za watu wanaotabasamu, mrudishieni.

Wala msiseme haijawezekana popote. Januari 2024 huduma ya afya ya Uingereza ilianza kuwapa wagonjwa wa selimundu na thalasemia kipimo cha vinasaba vya makundi ya damu. Wagonjwa wanaopimwa huko wana vinasaba kama vya binti yangu.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, palipo na vifaa vya kawaida tu, kipimo cha kingamwili kifanyike kabla ya kila chupa kwa wagonjwa hawa, na C, c, E, e na K zipimwe siku wanayoandikishwa kliniki, kabla ya damu ya mtu yeyote kuingia mwilini mwao. Hili halihitaji mashine mpya. Pili, kipimo cha vinasaba vya Rh kifanyike mara moja kwa kila mmoja wao, tukianza na wale ambao tayari wana kingamwili zisizoelezeka, na kifanyike kwa kipimo kinachozijua jeni za watu wanaopimwa. Tatu, na kama mtachagua moja tu chagueni hili: kila kingamwili iliyowahi kuonekana iandikwe kwenye kumbukumbu ambayo hospitali yoyote itaiona kabla ya kutoa mfuko kwenye jokofu, na mgonjwa apewe kadi inayosema hivyo kwa maandishi makubwa. Kadi ya karatasi itatosha kwa kuanzia. Sentensi yenyewe nimeshawaandikia: "Aliwahi kuwa na kingamwili dhidi ya D. Apewe damu isiyo na D hata kama kipimo cha leo hakionyeshi kitu."

Nne, mwongozo urekebishwe ili mgonjwa mwenye D anayekutwa na kingamwili dhidi ya D asichukuliwe kuwa kosa la sampuli hadi ithibitike vinginevyo. Rudieni kipimo, ni haki yenu. Lakini wakati mnarudia, msimwongezee chupa nyingine chanya. Yule kijana wa zamu ya usiku alilisema hilo mbele yangu, kwa sauti ndogo, na akaambiwa asubiri majibu.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye jina la mtu. Nakala ya daftari ninayo tayari kwa atakayeihitaji, chupa 23 kuanzia ya kwanza, na mahali pasiposomeka nitakuja kuwasomea mwenyewe.

Naomba kuwasilisha.

Baba wa mgonjwa,
kliniki ya selimundu

NAKALA: Wazazi wenzangu wa benchi la Alhamisi. Nunueni daftari.